Mizani na stakabadhi kwenye kompyuta moja ya ghala: uzito unafika mara mbili, au haufiki. Programu zenu mnaziunganishaje?

#1 Mizani_Kibo (Moshi)
Wakuu, salamu. Ghala la kahawa, kompyuta moja, Windows 10, RAM 4 GB. Programu mbili zinatakiwa kuongea.

A inasoma mizani ya jukwaa kwa waya wa RS-232 kupitia adapta ya USB: 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kufungia. B ni ya stakabadhi: jina la mkulima, namba yake ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), daraja, uzito, kisha inachapa karatasi. A inalitafuta dirisha la B kwa `FindWindow`, ikilipata inatuma uzito kwa `SendMessage` yenye `WM_COPYDATA` (ujumbe wa Windows wa kubebea data). Zote mbili msimbo wake upo, kwa hiyo kurekebisha kunawezekana.

Asubuhi kazi inakwenda vizuri. Foleni ikishakuwa ndefu A inaganda sekunde 20 hadi 30, dirisha linakuwa jeupe. Ikizinduka, B inaonyesha uzito wa gunia lililopita, au uzito uleule mara mbili, au sifuri. Ukifunga zote na kuzifungua upya, zinatulia.

Nimeshauriwa niachane na haya yote, A iandike faili la maandishi na B ilisome. Naona kama ni kurudi nyuma. Ninyi mnasemaje?

#2 Chalii wa Sanawari
Tatizo ni `SendMessage`. Hiyo inasimama mlangoni mpaka mwenye nyumba ajibu. Weka `PostMessage`: inaacha ujumbe kwenye foleni ya B na A inaendelea na shughuli zake. Dakika tano umemaliza.

#3 Fundi_Njiro
Chalii, utambuzi wako ni sahihi ila dawa haitafanya kazi. `WM_COPYDATA` haikubali `PostMessage`. Itarudisha kosa namba 1159, maana ujumbe huo unabeba anwani ya kumbukumbu ya A, na Windows inainakili data kwenda upande wa B kwa muda ule tu ambao A inasubiri. A ikishaondoka hakuna cha kunakili.

Mizani_Kibo, fanya hivi upande wa A: tumia `SendMessageTimeout`, alama ya `SMTO_ABORTIFHUNG`, milisekunde 2000. Windows inalihesabu dirisha kuwa limeganda likikaa sekunde 5 bila kuchukua ujumbe. Ukiweka alama hiyo, A haitasubiri maiti.

Upande wa B ndiko naona ugonjwa uliko. Jibu hili: B ikipokea uzito inafanya nini kabla ya kurudisha jibu? Inachapa palepale?

#4 DadaMajengo
Kabla hamjafika huko, ulizeni B inafunguliwaje. Mashine nyingi za stakabadhi draiva zake zinadai haki za msimamizi, kwa hiyo mtu anabofya kulia na kuifungua B kama msimamizi huku A ikifunguliwa kawaida. Tangu Windows Vista, programu ya ngazi ya chini haiwezi kurushia ujumbe dirisha la programu ya ngazi ya juu. Ujumbe unakataliwa, `SendMessage` inarudisha sifuri, na ukiita `GetLastError` unapata 5. Msimbo usiposoma kosa hilo, kwako itaonekana tu kwamba uzito haukufika.

Dawa yake iko ndani ya B, mstari mmoja baada ya dirisha kuundwa:

`ChangeWindowMessageFilterEx(hwnd, WM_COPYDATA, MSGFLT_ALLOW, NULL);`

Inapatikana kuanzia Windows 7.

#5 Mizani_Kibo
Fundi, ndiyo. B inapokea, inajaza kisanduku, inachapa, ndipo inarudisha jibu. Karatasi ikiisha inatoa kidirisha cha "Karatasi imekwisha" chenye kitufe cha Sawa.

Dada, B ina njia mbili za mkato. Ya kwenye dawati ni ya kawaida, iliyo kwenye menyu ya Anza ni ya msimamizi. Anayewahi asubuhi ndiye anayechagua.

#6 Fundi_Njiro
Basi tumefika nyumbani. A inasubiri printa! Printa ndogo ya joto ikiwa na karatasi inachukua sekunde mbili tatu. Karatasi ikiisha, A inasubiri mpaka mtu aje abonyeze Sawa. Zile sekunde 20 hadi 30 ni muda wa mtu kutoka mizanini, kufungua kifuniko, kuweka roli jipya na kurudi kwenye kibodi.

Kanuni ya kipokezi (sehemu ya B inayopokea ujumbe): nakili data, ondoka. Yale maneno yaliyo ndani ya `lpData` ni halali wakati wa ujumbe ule tu. Ukihifadhi anwani bila kunakili yaliyomo, baadaye utasoma takataka. Nakili kwenye kumbukumbu ya B, jitumie mwenyewe `PostMessage` yenye `WM_APP+1`, rudisha TRUE. Kuchapa kufanyike ukipokea `WM_APP+1`. Kama kuna sababu ya kubaki ndani ya kipokezi, ita `ReplyMessage` mapema, A inaachiwa hapohapo.

Dada, nakuheshimu, ila hili la haki za msimamizi lingekuwa kila gunia. Haliwezi kufanya kazi saa mbili kisha likaacha.

#7 DadaMajengo
Ndani ya siku moja haliwezi, nakubaliana nawe. Lakini rudia #1 na #5: "ukifunga zote na kuzifungua upya, zinatulia." Akizifungua upya anazifungua kwa njia gani ya mkato? Siku ikianza na ile ya msimamizi hakuna kitakachofika, mhusika anafunga, anafungua ya dawatini, anasema imetulia. Hayo ni magonjwa mawili yenye dalili zinazofanana, na wewe unatibu moja.

#8 Mr_Sakina
Kidirisha cha "Karatasi imekwisha" kikiwa wazi, ujumbe wowote unaokuja B unazuiwa. Hilo pekee linatosha kueleza.

#9 Fundi_Njiro
Hapana, Mr_Sakina. Kidirisha cha aina hiyo kina mzunguko wake wa kuchukua ujumbe, kwa hiyo B inaendelea kupokea kutoka kwingine. Kinachozuiliwa ni yule aliyetuma ujumbe uliokifungua, maana jibu lake halijarudi. Na hapo ndipo hatari ilipo: ujumbe wa pili ukija kutoka thredi nyingine ya A, B inaingia kwenye kipokezi kilekile mara ya pili ikiwa bado haijatoka mara ya kwanza. Kisanduku cha uzito kinaandikwa juu. Ukibonyeza Sawa, stakabadhi ya mkulima wa kwanza inatoka na uzito wa gunia la pili.

(Naandika "thredi", yaani mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu, makusudi, isije ikachanganywa na uzi huu.)

#10 KiboriloniKwetu
Wote mmeangalia mlango wa kutokea wa A. Mimi naomba tuangalie wa kuingilia. Mizani_Kibo, kiashirio chako (skrini ya mizani) kimewekwa kitume mfululizo au kitume mtu akibonyeza?

#11 Mizani_Kibo
Mfululizo, mkuu. Kama mara 10 kwa sekunde. Mstari wenyewe uko hivi: `ST,GS,+0061.4kg`

#12 KiboriloniKwetu
Nilijua. Sasa tupige hesabu.

Mstari huo ni herufi 15, ongeza mbili za kumalizia mstari, jumla 17. Kwa 9600 waya unabeba herufi 960 kwa sekunde, kwa hiyo waya haujalemewa. Lakini mistari 10 kwa sekunde ni baiti 170. A ikisimama sekunde 25 ikisubiri B, kama inasoma na kutuma kwenye thredi moja, zinajikusanya baiti 4250. Kama A imeandikwa kwa .NET na hukugusa mpangilio, bafa ya kusomea (hifadhi ya muda) ni baiti 4096. Imefurika.

Zinapofurika zinazopotea ni za mwisho, za mwanzo zinabaki. A ikizinduka inaanza kusoma mistari ya sekunde 25 zilizopita, yaani gunia lililokwishashuka jukwaani. Inazituma zote mfululizo, moja moja. Hapo ndipo B inapoonyesha uzito wa gunia lililopita na kuurudia. Mstari wa mwisho umekatika katikati, `ST,GS,+00`, A inautafsiri kuwa sifuri. Dalili zako zote tatu zimo humo.

Vya kufanya upande wa A:

Thredi ya kusoma iwe peke yake, isitume chochote. Ibaki na thamani ya mwisho tu. Mstari usioishia na `kg` na alama za kumalizia, tupa. Mstari unaoanza na `US` maana yake mizani haijatulia, tupa. Tuma pale tu `ST` (imetulia) inapojirudia mara tano mfululizo kwa uzito uleule, kisha usitume tena mpaka jukwaa lirudi chini ya kilo 1. Gunia moja, ujumbe mmoja. Kutoka jumbe 10 kwa sekunde unashuka hadi moja kila nusu dakika.

#13 Chalii wa Sanawari
Watu wa Moshi kwenye hesabu ya kilo hamna mpinzani, Meku. Nimejifunza, na ile 1159 nimeiandika.

#14 Mzee_wa_Paipu
Mnatibu njia ambayo haikuundwa kwa kazi hii. Ujumbe wa madirisha ulikusudiwa madirisha. Angalieni `FindWindow` ya #1: kama inatafuta kwa kichwa cha dirisha, siku B ikiandika "Stakabadhi - Mkulima 214" juu yake, A imepotea.

Tumia paipu yenye jina (named pipe), njia ya Windows ya programu mbili kupitishiana data. B inafungua `\\.\pipe\mizani`, A inaandika. Mambo ya kuzingatia:

Iwe ya aina ya ujumbe, `PIPE_TYPE_MESSAGE | PIPE_READMODE_MESSAGE`, ili uandishi mmoja uwe usomaji mmoja. Ukiiacha ya baiti, ujumbe mbili zitashikana na utaanza kukata maneno kwa mkono. Bafa ya msomaji ikiwa ndogo utapata 234, maana yake bado kuna mabaki, soma tena. Ukipata 231, nafasi zote za paipu zimejaa, ita `WaitNamedPipe`. Ukipata 109, upande wa pili umefunga. Funga na wewe, subiri sekunde moja, unganisha upya. Ongeza `PIPE_REJECT_REMOTE_CLIENTS` ili kompyuta nyingine ya mtandaoni isiingie, na `FILE_FLAG_FIRST_PIPE_INSTANCE` ili programu nyingine isije ikawahi jina lako.

Usomaji ukae kwenye thredi yake. Usiguse kisanduku chochote cha skrini kutoka kwenye thredi hiyo. Kopi ya data ipeleke kwa thredi ya skrini kwa `PostMessage`, au `BeginInvoke` kama ni .NET.

#15 DadaMajengo
Mzee, shikamoo. Paipu haimwokoi na #4. B ikifunguliwa kama msimamizi na kuunda paipu bila kutaja ruhusa, ruhusa za kawaida zinampa msimamizi na mfumo haki zote, wengine wote kusoma tu. A ya kawaida ikitaka kuandika inapata 5 ileile. Lazima utengeneze ruhusa yako mwenyewe na kumtaja mtumiaji anayeruhusiwa kuandika.

#16 Mzee_wa_Paipu
Marahaba. Umesema kweli, nililiacha. Au ugeuze: A ndiyo iunde paipu na B ije kusoma.

Kwa wanaotumia Qt: `QLocalServer` inakupa paipu kwenye Windows na soketi ya Unix kwenye Linux kwa msimbo uleule. Kwenye Linux programu ikifa vibaya inaacha faili la soketi, na ikirudi inakataa kusikiliza. Ita `QLocalServer::removeServer` kabla ya `listen`. Na njia ya faili hilo haizidi baiti 108, kwa hiyo usilifukie kwenye folda ndani ya folda.

#17 Linux_Tengeru
Sekunde 25! Kwenye Linux hiyo namba tunaijua. Ukiita huduma kwa D-Bus (njia ya programu za Linux kuongea) na mhusika akanyamaza, muda wa kusubiri wa kawaida ni sekunde 25, ndipo unapewa kosa la `NoReply`. Kwa waongoza watalii wengi hapa Arusha ofisi zimehamia Ubuntu na mambo haya yamekwisha. D-Bus ilitoka kwa watu wa KDE (dawati mojawapo la Linux), imekomaa.

#18 Meru_View
Linux_Tengeru, sahihisho mbili. Kompyuta ya #1 ni Windows, hiyo 25 ya D-Bus haihusiki. KiboriloniKwetu alichukua katikati ya 20 na 30 tu. Na D-Bus haikutoka KDE. KDE walikuwa na yao, DCOP. GNOME walikuwa na Bonobo. D-Bus ilianzishwa chini ya freedesktop.org, Havoc Pennington wa Red Hat akiwa miongoni mwa waanzilishi, ili dawati zote mbili ziongee lugha moja. Toleo 1.0 lilitoka Novemba 2006, na KDE waliiacha DCOP walipotoa KDE 4.0 Januari 2008.

Tukiwa kwenye historia: Windows nao walianza na DDE, 1987, kwenye Windows 2.0. Ilikuwa ikitangaza salamu kwa madirisha yote kwa `SendMessage`. Dirisha moja likiganda, anayesalimia anaganda naye. Ugonjwa wa #1 una zaidi ya miaka 30.

#19 Linux_Tengeru
Nashukuru kwa sahihisho. Nakumbuka DCOP, ndiyo iliyonichanganya.

Basi niache kitu cha kujaribu kwa wenye Ubuntu, mwone jinsi programu mbili zinavyoongea bila kuandika msimbo:

`gdbus call --session --dest org.freedesktop.Notifications --object-path /org/freedesktop/Notifications --method org.freedesktop.Notifications.Notify 'Mizani' 0 '' 'Gunia limetulia' 'Kilo 61.4' '[]' '{}' 5000`

Kijisanduku kitatokea kwenye kona ya skrini. Sehemu ni nne: jina la huduma, njia ya kitu, kiolesura, na kitendo. Ukikosea moja unaambiwa ni ipi. Fungua `dbus-monitor` kwenye dirisha la pili uone kila kinachopita.

Inapogoma: ukiiendesha kwa `sudo` haitapata basi lako (njia inayopitisha ujumbe wa D-Bus), kwa sababu basi la kikao ni la mtumiaji aliyeingia, na root ni mtu mwingine. Ukiiweka kwenye `cron` haijui basi liko wapi; ongeza juu ya skripti `export DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1000/bus`, ambapo 1000 ni namba ya mtumiaji, iangalie kwa `id -u`. Na kama programu ni ya Flatpak, kuna mlinzi katikati anayechuja majina. Lazima iruhusiwe kwa `--talk-name`.

#20 Ngaramtoni_Juu
Wakuu, kote huko mmesahau TANESCO. Umeme ukikatika kati ya A kutuma na B kuchapa, ule ujumbe ulikuwa kwenye RAM. Umekwenda. Gunia limeshashushwa jukwaani, limechanganywa na mengine, mkulima amesimama dirishani hana karatasi. Kilo zile ni jasho la mwaka mzima. Hakuna mtu ghalani anayeweza kuthibitisha ilikuwa 61.4 au 59.

Kwa hiyo yule aliyekushauri faili hakukurudisha nyuma. Ila usifanye faili la maandishi tupu, maana B inaweza kulisoma likiwa nusu. Ukiamua maandishi, andika kwanza jina la muda kwenye folda ileile, kisha libadilishe jina. Kubadilisha jina ni kitendo kimoja, B haitaliona likiwa nusu. Bora zaidi ni SQLite (hifadhidata ndogo ndani ya faili): jedwali lenye namba ya mfuatano, gramu, muda, na alama ya kuchukuliwa. A inaingiza, B inauliza kila milisekunde 200 na kuweka alama ikishachapa. Weka `PRAGMA journal_mode=WAL` ili msomaji na mwandishi wasizuiane, na `PRAGMA busy_timeout=3000`.

#21 Mzee_wa_Paipu
Kuulizauliza mara tano kwa sekunde kutwa nzima, kwenye mashine ya 4 GB? Paipu inakaa kimya mpaka kuwe na neno. Na WAL hiyo unayoisifu, ikiwekwa `synchronous=NORMAL` kama wengi wanavyonakili mtandaoni, umeme ukikatika faili haliharibiki lakini miamala ya mwisho inaweza kupotea. Hoja yako ya TANESCO inakurudia.

#22 Ngaramtoni_Juu
Sawa kabisa, ndiyo maana sikuandika NORMAL. Iachwe FULL. Ujumbe mmoja kila nusu dakika, diski haitahisi. Na swali dogo la SQLite kila milisekunde 200 ni kazi ndogo kuliko kuchora saa kwenye skrini. Angalizo moja: faili liwe kwenye diski ya kompyuta hiyohiyo. WAL haifanyi kazi kwenye folda ya mtandao.

#23 Mzee_wa_Paipu
Basi kutaneni katikati: A iandike SQLite kwanza, kisha paipu ibebe namba ya mfuatano tu kuiamsha B. Mimi paipu yangu siiachi.

#24 Bi_Kaloleni
Habari za jioni. Samahani kuingilia, yangu inafanana. Kuna jedwali la Excel la safari za magari, na programu nyingine inatakiwa kuandika humo huku karani akiwa ameifungua. Python na pywin32. Wakati mwingine inakubali, wakati mwingine kosa -2147418111.

#25 Meru_View
Bi_Kaloleni, namba hiyo ikiandikwa kwa mfumo wa heksadesimali ni 0x80010001: Excel imekataa kupokea simu. Karani yuko ndani ya seli anaandika, au kidirisha kiko wazi. Mpaka abonyeze Enter, Excel haisikilizi mtu wa nje. Kamata kosa hilo peke yake, subiri milisekunde 300, jaribu tena, mara 20 hivi. Ikishindikana mwambie karani atoke kwenye seli.

Usiandike seli moja moja, kila moja ni safari ya kwenda na kurudi kati ya programu mbili. Kusanya safu zote kwenye orodha na uziweke kwa `Range(...).Value` mara moja. Ili kuishika Excel iliyo wazi tumia `GetActiveObject("Excel.Application")`, na hapa tena linakuja la DadaMajengo, moja ikiwa ya msimamizi na nyingine ya kawaida, hazionani. Mwishoni achia kila kitu ulichoshika, la sivyo utakuta EXCEL.EXE tano kwenye Kidhibiti Kazi zisizo na dirisha.

DDE msiiguse tena. Desemba 2017 Microsoft waliizima ndani ya Word kwa sababu watu walikuwa wakiitumia kuingiza virusi kwa hati.

#26 Bi_Kaloleni
Imekubali. Alikuwa anaacha kishale ndani ya seli anakwenda kupokea wageni. Asante sana.

#27 DadaMajengo
Jambo dogo kwa Mizani_Kibo kabla hatujasahau: usitume "61.4" kama maneno. Kompyuta ikiwekwa mipangilio ya nchi inayotumia mkato, kama Ujerumani, B inaweza kuisoma 614. Tuma gramu, namba kamili: 61400. Na kila ujumbe uwe na namba ya mfuatano, B ikatae namba iliyokwishaiona. Hii ni lazima ukifuata `SendMessageTimeout` ya #3, kwa sababu muda ukiisha ujumbe haurudishwi. B ikizinduka inaweza kuushughulikia bado. A ikituma tena bila namba, gunia moja limelipwa mara mbili.

#28 Fundi_Njiro
Hilo la mwisho nilipaswa kulisema mimi kwenye #3. Asante, Dada.

#29 Mizani_Kibo
Wakuu, mrejesho. Sijabadilisha kitu bado, nimeongeza kumbukumbu tu: A inaandika muda kabla na baada ya `SendMessage`, na namba ya kosa. Siku mbili:

Hitilafu mara 11. Mara 9 muda unalingana na B kuchapa, na 4 kati ya hizo ni karatasi kuisha. Mara 1 kosa 5, ile njia ya mkato ya msimamizi. Baada ya kila kuganda kurefu, A imetuma mistari kati ya 180 na 240 ya uzito mmoja, kama #12 ilivyosema.

Iliyobaki moja siielewi. Sekunde 28, B ilikuwa imetulia, haikuchapa, hakuna kosa. Na `SendMessage` ya mwisho ilikwisha ndani ya milisekunde 3.

#30 Fundi_Njiro
Tisa kati ya kumi na moja. Rekebisha kipokezi cha B leo, usiku huu. Hiyo moja itakuwa antivirusi inachunguza diski, RAM ya 4 GB inabanwa.

#31 KiboriloniKwetu
Antivirusi ingechelewesha na B pia. Ikiwa `SendMessage` ilirudi kwa milisekunde 3, basi A haikuwa na cha kutuma: mizani ndiyo iliyonyamaza. Nenda Kidhibiti cha Vifaa, kila kitovu cha USB, kichupo cha umeme, ondoa alama ya kuruhusu kompyuta kuzima kifaa. Kwenye mipango ya umeme zima pia usitishaji wa USB.

#32 DadaMajengo
Au adapta iligusika. A inachaguaje poti, umeiandika namba au inatafuta yenyewe?

#33 Mizani_Kibo
Inachukua COM ya kwanza inayoikuta.

#34 KiboriloniKwetu
Angalia sasa hivi iko ngapi. Asubuhi ilikuwa?

#35 Mizani_Kibo
Kumbukumbu ya asubuhi inasema COM3. Sasa ni COM5.